MSHIKA MAWILI: SOMO KUHUSU MAISHA YA MKIMBIAJI WA CHUO

Mlezi wa chama chetu ameniomba, nikiwa mwanachama wa zamani, niandike machache kuhusu maisha ya mwanafunzi anayekimbia mbio za masafa marefu katika vyuo vya Marekani. Nilikaa huko miaka minne, nikarudi na shahada. Kila nikipita hapa shuleni vijana huniuliza, "Tukimbie dakika ngapi ndio watuchukue?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu vitabu. Basi hebu tulichambue jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza: Ufadhili ni nini?

Vyuo vingi vinavyowachukua wakimbiaji viko chini ya chama kiitwacho NCAA, kilichoundwa mwaka 1906. Kina madaraja matatu, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Katika daraja la kwanza, kwa miaka mingi hadi 2025, timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika kwa jumla ilikuwa na nafasi 12.6 tu za ufadhili kamili, na ya wanawake 18. Kocha alizikatakata kama mkate: huyu nusu, yule robo. Mwaka 2025 sheria ilibadilika. Vyuo vilivyojiunga na mpango mpya huwekewa kikomo cha idadi ya wanariadha, wala si cha ufadhili. Hata hivyo, mfuko wa chuo si bahari. Barua ikikuambia umepata ufadhili, uliza: ni wa ada tu, au pamoja na chakula, malazi na vitabu? Na akitokea mtu akitaka pesa za "kukutengenezea mambo" kabla hujaiona barua ya chuo chenyewe, mwage.

Tena ufadhili si mshahara. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi utakavyo. Kazi za ndani ya chuo zina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Shangazi yangu alidhani ati dola zinaota mitini. Ilinichukua simu tatu kumweleza kwamba ninakula na kulala bure, lakini mfukoni sina kitu.

Pili: Mlango ni kalamu

Ili kukubaliwa kushindana katika daraja la kwanza, ni lazima uwe umefanya masomo 16 ya msingi katika shule ya upili, na wastani wako usipungue 2.3 katika kipimo cha 4. Kwa hivyo miguu hubisha hodi, lakini anayefungua mlango ni KCSE. Ukishaingia, sharti usome masomo ya kutosha kila muhula, kwa kawaida saa 12 za mihadhara kwa wiki. Alama zikishuka chini ya kiwango, huvai jezi, hata uwe na mbio za swara.

Tatu: Mwaka na siku

Mwaka una misimu mitatu. Kuanzia Septemba hadi Novemba ni mbio za nyika. Wakati wa baridi ni mbio za ndani ya jengo, katika uwanja ambao mzunguko wake kwa kawaida ni mita 200. Mbio za mita 5,000 humo ni mizunguko 25, unapinda kona mpaka kichwa kinakuzunguka. Kisha, Machi hadi Juni, ni uwanja wa nje. Mkimbiaji wa masafa marefu hushiriki yote matatu. Wenzetu wa kandanda wana msimu mmoja. Sisi tuna mwaka mzima.

Siku yangu ilianza saa 12 asubuhi kwa kilomita 10 za polepole. Kisha darasa hadi saa 8 mchana, mazoezi ya pili, chakula, halafu maktaba. Kwa wiki nilikuwa nikikimbia kilomita 120 hivi. Sheria huruhusu mazoezi rasmi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja ya kupumzika. Lakini saa hizo hazihesabu safari za basi, kulala hotelini, wala usingizi unaokupiga ukiwa mbele ya kitabu cha takwimu. Prepu ya hapa nyumbani ni mchezo!

Nne: Hesabu ya mbio za nyika

Hapa wengi hukosea. Timu huwa na wakimbiaji saba, na nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa. Yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Tazama mfano huu:

Timu A: 1, 2, 20, 45, 60. Jumla 128.
Timu B: 15, 18, 22, 25, 28. Jumla 108.

Timu A imetoa wa kwanza na wa pili, na bado imeshindwa! Timu B haina nyota, ila ina watu watano wanaokimbia bega kwa bega. Jumla bora kabisa ni 15, yaani nafasi ya kwanza hadi ya tano. Wa sita na wa saba nao si bure, kwani wakiwapita wapinzani huwasukuma nyuma na kuwaongezea pointi. Umoja ni nguvu, na hapa unahesabika kwa tarakimu.

Tano: Jeraha

Katika mwaka wangu wa tatu nilipangiwa mita 10,000 siku ya Ijumaa na mita 5,000 Jumapili, kwa sababu timu ilihitaji pointi. Nilikuwa nimeshasema muundi unaniuma. Nikaambiwa nivumilie. Jumatatu sikuweza kushuka ngazi. Mfupa ulikuwa na ufa. Majuma sita nilikimbia ndani ya bwawa la kuogelea, nikielea kama gunzi la mahindi.

Ufadhili wangu wa michezo ulikuwa wa kuandikwa upya kila mwaka, na mwaka uliofuata ulipunguzwa nusu. Pengo hilo lingenirudisha nyumbani mikono mitupu. Lililoniokoa ni wastani wangu wa 3.6: idara niliyosomea ilinipa tuzo ya masomo, ada ikatimia. Mguu ulinitoka, kalamu ikabaki.

Sita: Waliotutangulia

Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Lakini Olimpiki hakukimbia, maana Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Alifariki 2024. Sally Kipyego alishinda mbio za nyika za vyuo mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008, akiwa Texas Tech, kisha akaipatia Kenya medali ya fedha ya mita 10,000 huko London mwaka 2012. Naye Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 mwaka 1972, aliendelea na masomo mpaka akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu ya ujana ilipochoka, alikuwa na kazi nyingine mkononi.

Tamati

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sipingani nao, ila katika jambo hili naongeza: anayeshika moja huponyokwa na yote mawili. Bila alama hukimbii. Na ukikimbia bila kusoma, siku mguu utakapogoma huna pa kushika. Anayetaka kwenda na afanye mazoezi, lakini akitoka uwanjani apitie maktaba.

Maswali ya kujadili chamani

1. Timu C ina nafasi 3, 9, 14, 30 na 51. Timu D ina 5, 16, 19, 24 na 33. Nani mshindi, na kwa nini?
2. "Kocha ana haki ya kumtaka mkimbiaji avumilie kwa ajili ya timu." Jadili.
3. Toa methali mbili zinazopingana na "mshika mawili moja humponyoka", na uzieleze.