NASABA YA DAI: MAPITIO YA MAANDISHI KATIKA UTAFITI WA ELIMU, KWA MFANO WA MINGOYO, LINDI

IKISIRI

Makala haya yanajadili namna ya kufanya na kupanga mapitio ya maandishi katika utafiti wa elimu. Hoja kuu ni kwamba mapitio si orodha ya waliotangulia, bali ni uchunguzi wa madai yao na wa njia ambayo kila dai limepita hadi kumfikia mtafiti. Mfano unaotumika ni utafiti unaokusudiwa kufanywa Mingoyo, katika mwambao wa Lindi, kuhusu mahudhurio ya wanafunzi wa shule za msingi. Inaonyeshwa kwamba majina ya utawala yaliyobadilika, maneno ya Kiswahili yanayotaja elimu, na mazoea ya kurithi madai bila kuyapima, yanaweza kumpotosha mtafiti kabla hajakanyaga uwanjani.

1.0 Utangulizi

Sura ya pili ya tasnifu nyingi za elimu husomeka kama daftari la wageni. Fulani alisema hivi, fulani akasema vile, na mwingine akakubaliana nao. Msomaji akifika mwisho wa sura hajui ni lipi limethibitishwa, ni lipi lina shaka, na ni lipi halijapata kuulizwa. Kisha hutokea sentensi moja ya kufungia, kwamba hakuna aliyewahi kulichunguza suala hili mahali hapa, na kwa hiyo pengo limepatikana. Pengo la namna hiyo halina uzito. Mahali pengi hapajachunguzwa, na hiyo peke yake si sababu ya kupachunguza.

Ili mjadala usibaki hewani, makala haya yanachukua mfano mmoja. Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka kujua kwa nini mahudhurio hushuka katika baadhi ya miezi katika shule za msingi za Mingoyo. Mingoyo ipo kusini-magharibi ya mji wa Lindi, si mbali na kichwa cha hori ya Lindi, upande wa njia panda ya Mnazi Mmoja ambapo barabara itokayo Lindi hugawanyika, moja ikielekea Mtwara na nyingine Masasi. Ni mahali padogo, na mtu anaweza kudhani kwamba hapana maandishi yanayopahusu. Tutaona kwamba maandishi yapo, ila hayapo pale mtafiti anapotazama kwanza.

2.0 Istilahi: Fasihi, Machapisho au Maandishi?

Kabla ya kuendelea inafaa kulitazama jina lenyewe. Baadhi ya wanafunzi huandika 'mapitio ya fasihi'. Jina hili limetokana na kutafsiri neno kwa neno, nalo linapotosha, kwa kuwa fasihi kwa Kiswahili ni sanaa ya lugha, yaani ushairi, hadithi, tamthilia na jamaa zake. Wengine husema 'mapitio ya machapisho'. Hili ni afadhali, lakini linaacha nje tasnifu ambazo hazikuchapwa, ripoti za miradi, barua za maofisa na vitabu vya kumbukumbu za shule. Katika utafiti wa elimu vijijini, hizo aghalabu ndizo zenye habari nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia 'mapitio ya maandishi'. Uchaguzi huu si wa madoido, maana anayeita kazi yake mapitio ya machapisho atatafuta machapisho tu.

3.0 Swali Hutangulia Maktaba

Mapitio yasiyo na swali hayana mwisho. Mada 'elimu katika Mkoa wa Lindi' inaweza kumweka mtu maktabani miaka mitatu. Swali letu ni finyu zaidi: mahudhurio hushuka lini, kwa nani, na kwa sababu zipi zinazotajwa? Kutokana na swali hilo yanazaliwa maswali madogo ya kuyauliza maandishi yenyewe. Nani amewahi kupima mahudhurio katika ukanda huu, na kwa kipimo gani? Sababu zipi zimetajwa? Je, sababu hizo zilipimwa au zilisemwa tu? Kila andiko lisomwe kwa maswali haya. Lisilojibu hata moja liwekwe kando, hata kama mwandishi wake ana jina kubwa.

4.0 Kutafuta

4.1 Majina ya utawala

Kosa la kwanza la watafutaji ni kutumia majina ya leo kutafuta mambo ya jana. Mkoa wa Lindi uliundwa mwaka 1971 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mtwara. Kabla ya hapo, wakati wa utawala wa Waingereza, eneo lote hili lilikuwa katika Jimbo la Kusini. Hivyo basi, mtafiti anayetafuta habari za 'Mkoa wa Lindi' za mwaka 1950 hatapata kitu, naye ataandika kwamba hakuna kilichoandikwa. Inampasa atengeneze kwanza jedwali la majina: kipindi, jina la jimbo au mkoa, jina la wilaya, na lugha ya nyaraka. Wakati wa Wajerumani lugha hiyo ni Kijerumani, pamoja na Kiswahili kilichoandikwa kwa tahajia ya wakati ule. Mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa Berlin mwaka 1907, kwa mfano, una habari za Lindi, Sudi na Mikindani kwa Kiswahili.

4.2 Maneno yanayotaja elimu

Kosa la pili ni kudhani kwamba elimu ni shule. Katika mwambao wa Lindi mtoto hufunzwa mahali pengi. Huenda chuoni kusoma Kurani. Hutiwa jando au huchezwa unyago. Huenda shule ya serikali. Na wazazi wake huenda walipitia kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970. Maneno chuo, madrasa, jando, unyago, somo, kungwi na kisomo yote yanapaswa kuwamo katika orodha ya maneno ya kutafutia, pamoja na yale ya Kimwera na Kimakonde yanayotumika mahali hapo. Mtafiti akitafuta kwa neno 'shule' tu atapata maandishi ya waliokwisha kuamua kwamba mafunzo mengine yote ni kizuizi cha shule. Kwa maneno mengine, orodha ya maneno yake itakuwa imemjibia swali kabla hajaliuliza.

4.3 Maandishi yalipo

Kwa mfano wetu maandishi yamo katika makundi manne. Kundi la kwanza ni historia ya jumla ya elimu nchini, kama kazi ya Lene Buchert (1994), pamoja na matamko ya sera: Elimu ya Kujitegemea (1967), Azimio la Musoma (1974), Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 na ile ya mwaka 2014. La pili ni kazi zisizo za elimu zinazohusu kusini, kama ile ya Liebenow (1971) kuhusu Wamakonde, mkusanyo wa Seppälä na Koda (1998), na kitabu cha Felicitas Becker (2008) kuhusu kuenea kwa Uislamu. Haya hayatokei katika faharasa za elimu, lakini hapo ndipo mtu anapoelewa uzito wa chuo na wa msikiti kijijini. La tatu ni ripoti za miradi, zikiwamo za mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Ufini katika mikoa ya Lindi na Mtwara. La nne ni nyaraka zilizoko Hifadhi ya Taifa, Dar es Salaam, na madaftari yaliyomo shuleni kwenyewe.

Hifadhi za kielektroniki zimeurahisisha utafutaji wa kundi la kwanza na la pili. Kwa kundi la tatu na la nne hazisaidii sana. Anayetegemea kompyuta peke yake huishia kuona sehemu ya kusini iliyoandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali.

5.0 Kupanga

Njia ya kupanga maandishi kwa waandishi, kila mmoja na aya yake, ndiyo inayozaa daftari la wageni lililotajwa. Inapendekezwa kupanga kwa madai. Kila dai lipewe kadi au safu katika jedwali lenye nguzo sita: dai lenyewe, aliyelitoa na mwaka, mahali na watu waliochunguzwa, kipimo kilichotumika, ushahidi uliotolewa, na asili, yaani kama mwandishi alilipata uwanjani au alilirithi kwa mwingine.

Nguzo ya sita ndiyo inayosahauliwa zaidi, ilhali kwa wasomi wa pwani si jambo geni. Aliyesoma chuoni anajua kwamba hadithi hupokewa pamoja na isnadi yake, yaani mlolongo wa walioipokezana. Mlolongo ukikatika, hadithi hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Dai la kitaaluma nalo lina nasaba. Waandishi kumi wakisema jambo moja, na wote tisa wakawa wamelitoa kwa yule wa kwanza, basi shahidi ni mmoja, si kumi.

Nguzo ya nne nayo inahitaji uangalifu. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Takwimu hizo za pili zilitokana na mitihani ya kampeni ya kisomo, yenye ngazi zake maalumu. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, ziliwapima watoto wenyewe nyumbani kwa majaribio ya kusoma na kuhesabu. Kuziweka takwimu hizi katika mstari mmoja na kusema kwamba elimu imepanda au imeshuka ni kulinganisha pishi na dhiraa.

6.0 Mfano: Dai la Jando na Unyago

Tulipime sasa dai moja. Katika maandishi ya elimu ni kawaida kusoma kwamba watoto wa kusini huacha shule kwa sababu ya jando na unyago. Mtafiti wetu atalikuta, na kishawishi cha kulinukuu na kuendelea kitakuwa kikubwa. Akilifuata kwa nasaba, atakumbana na maswali matatu.

Kwanza, mahali. Sehemu muhimu ya maandishi ya zamani kuhusu jando kusini inatoka Masasi, ambako Askofu Vincent Lucas alijaribu kuliingiza jando katika maisha ya Kikristo, habari ambayo Ranger aliichambua mwaka 1972. Masasi ni bara na ina historia ndefu ya misheni. Mingoyo imo katika ukanda wa pwani wenye Waislamu wengi. Ushahidi wa Masasi unaweza kuangaza Mingoyo, lakini hauwezi kuhamishwa bila hoja.

Pili, wakati. Sababu za kuacha shule hubadilika pamoja na sheria na sera. Mafunzo ya watoto wote yalianza kutekelezwa mwaka 1977; mpango wa MMEM ulianza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa; na ni mwaka 2021 tu ndipo serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Utafiti wa mwaka 1991 unaotaja unyago, ada na mimba ulizungumzia hali nyingine ya kisheria. Kuunukuu bila mwaka wake ni kuupa umri usio wake.

Tatu, kipimo. Sababu hizi aghalabu hutajwa na walimu na maofisa waliohojiwa. Mwalimu ni shahidi, lakini ni shahidi wa upande mmoja. Dai lenyewe linapimika. Ikiwa jando na unyago ndivyo vinavyopunguza mahudhurio, upungufu unapaswa kuonekana katika majuma ya sherehe, kwa watoto wa rika hilo, na upungue pale sherehe zinapofanywa wakati wa likizo. Ikiwa upungufu unaonekana katika msimu wa korosho, au katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, na unawagusa watoto wa rika zote, basi sababu itafutwe kwingine. Daftari la mahudhurio lina majina na tarehe, linaweza kujibu.

Zoezi hili halimwambii mtafiti kwamba dai ni la uongo, huenda likathibitika. Linamwambia kwamba halijapimwa kwa namna inayotosha swali lake, na hilo sasa ni pengo lenye uzito. Tofauti si ya kitaaluma tu. Dai likirithiwa bila kupimwa, hojaji itauliza habari za unyago peke yake, wazazi watajibu walichoulizwa, na ripoti itapendekeza faini kwa wazazi hao hao. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa njaa atakuwa ameandikwa kwamba alikuwa ngomani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mapitio ya maandishi ni sehemu ya utafiti, si kizingiti cha kuuvukia. Mtafiti aanze na swali, atengeneze jedwali la majina na la maneno, atafute hata nje ya faharasa za elimu, apange kwa madai, na kwa kila dai aulize limetoka kwa nani. Atakapoandika, aanze na yaliyothibitishwa, afuate na yanayobishaniwa, amalizie na yaliyorithiwa bila kupimwa. Hapo swali lake litakuwa limejipatia mahali.

Wasimamizi nao wana wajibu. Sura ya pili isikubaliwe kwa wingi wa majina yaliyotajwa. Mwanafunzi aulizwe swali moja: katika haya uliyoyanukuu, ni mangapi yana shahidi wake mwenyewe? Jibu la kweli kwa swali hilo, hata likiwa ni mawili tu, lina faida kwa watoto wa Mingoyo kuliko kurasa hamsini za waliokubaliana.