Mraba Mtupu Si Mraba Usio na Ndege

Mwaka 2013, watafiti wakisaidiana na wakazi wa Dakatcha, Magarini, walipata viota vya ndege ambaye mahali pa kuzalia kwake hapakuwa pamejulikana. Huyo ni mnana wa Kilifi (Ploceus golandi), anayepatikana katika kaunti hii pekee duniani, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha. Ilihitaji mtu kufika pale kwa wakati ufaao na kuandika alichokiona.

Kazi hiyo ya kufika na kuandika sasa iko wazi kwa kila mkazi kupitia Kenya Bird Map, ramani ya ndege iliyo kwenye intaneti. Inaendeshwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na washirika wake, miongoni mwao A Rocha Kenya yenye kituo Watamu.

Ramani imegawanywaje?

Nchi nzima imekatwa miraba inayoitwa pentadi. Digrii moja ya latitudo au longitudo ina dakika 60, na kila upande wa pentadi ni dakika 5. Hapa kwetu karibu na ikweta, hizo ni takriban kilomita 9 kila upande, au kilomita za mraba 85. Kaunti ya Kilifi ina takriban kilomita za mraba 12,600. Ukigawanya, unapata karibu miraba 150.

Atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989 ilitumia miraba ya dakika 30 kila upande. Mmoja wa zamani unabeba 36 ya sasa, kwa hivyo ramani ya leo inaonyesha mambo kwa karibu zaidi.

Kusoma ramani

Mraba usio na rangi haujapokea orodha yoyote. Rangi hubadilika kadiri orodha zinavyoongezeka. Ukibonyeza mraba, utaona ndege walioandikwa humo.

Kabla ya kuhesabu aina za ndege, angalia idadi ya orodha. Ndege akiwa katika orodha 4 kati ya 10, ameonekana kwa asilimia 40 ya safari. Mraba wenye orodha moja tu hauwezi kukupa picha hiyo.

Kumbuka pia kwamba watu huenda kunakofikika. Ni rahisi Watamu, yenye hoteli na barabara ya lami, kupata orodha kuliko vijiji vya ndani vya Ganze au Magarini. Hapa ndipo penye hatari. Mradi unapopendekezwa, tathmini ya athari kwa mazingira hutegemea pia rekodi zilizopo. Eneo lisilo na rekodi laweza kudhaniwa halina cha kulindwa.

Jinsi ya kujaza mraba wako

1. Jisajili na mradi, kisha weka kwenye simu programu ya bure ya BirdLasser, inayotambua mraba uliomo.
2. Tembea ndani ya mraba mmoja kwa angalau saa mbili. Pita mazingira mbalimbali: shamba, kichaka, mto, ufuo.
3. Andika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliowaona au kuwasikia. Kunguru na shomoro wahesabiwe pia.
4. Unaweza kuongeza aina mpya kwenye orodha hiyo hadi siku tano, kisha itume.
5. Usiyemtambua kwa hakika, usimwandike. Omba ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu au msitu wa hifadhi.

Mgeni katika kazi hii aanze na anayewajua ndege: waongoza watalii wa Arabuko-Sokoke, wavuvi wa Mida, au wazee wanaowatambua kwa sauti. Saa mbili za asubuhi kijijini kwako zinatosha kuutia rangi mraba uliokuwa mtupu.