Chumba cha Mwanafunzi Kianzie Nyumbani



Machakos ina chuo kikuu kamili tangu 2016, na wanafunzi wengi hupanga vyumba mjini. Mtoto akifungua mlango anakuta saruji tupu na balbu moja. Usiku wa kwanza anawaza kurudi nyumbani. Mwingine anatumia pesa ya karo kununua zulia. Tumsaidieje?

1. Kwanza godoro, blanketi nzito na neti. Mapambo yangoje.

2. Leso mbili za mama zinatosha pazia. Zipitishwe kamba. Kabla ya kupiga msumari, mwenye nyumba aulizwe.

3. Viondo vya mkonge tunasuka wenyewe. Kimoja kikitundikwa ukutani kinaweka vitabu, kingine nguo.

4. Sanduku la mbao la nyanya, likipigwa msasa, ni rafu nzuri.

5. Picha ya watu wa nyumbani iwekwe pale macho yanapoangukia asubuhi. Hii haina bei.

Onyo: Mwezi wa Julai Machakos kuna baridi. Mtoto asiingize jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili apate joto. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Ndiyo maana tumetanguliza blanketi.

Tujadiliane: Mwaka huu ni watoto wangapi wa kikundi chetu wanaenda chuoni? Nani atatoa leso, nani kiondo, nani atampeleka?

Mkono mmoja haulei mwana.