Kupanga Nyumba ya Waunda Vyombo

Katika somo la michoro tumefundishwa kwamba mtu apangaye nyumba hana budi kujiuliza maswali matatu kabla hajashika penseli. Nani ataitumia? Ataifanyia kazi gani? Na vifaa vya kuijengea vitapatikana wapi? Leo nataka kuyatumia maswali hayo katika jambo lituhusulo sisi wa Mkange na jirani zetu wa Saadani, yaani nyumba ya watu wote ya kuutukuza ufundi wa kuunda vyombo vya baharini.

Twajua sote kwamba katika pwani yetu, toka Bagamoyo mpaka Pangani, ngalawa, mashua na majahazi huundwa kwa mikono. Fundi hana karatasi wala ramani. Huulaza mkuku, akasimamisha mataruma machache ya kuonyesha umbo, akapigilia mbao, kisha akaongeza mataruma mengine mpaka chombo kikatimia. Vipimo vyote vimo kichwani mwake. Babu yangu mzaa mama ni fundi wa kazi hii. Ana watoto wa kiume wanne, na hapana hata mmoja ashikaye tezo. Nikimwuliza upana wa taruma la tatu, hanitajii hesabu. Huinua mikono miwili hewani na kunionyesha. Siku mikono ile itakapopumzika, hesabu ile nayo itakwenda. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Sasa, watu wengi wakisikia nyumba ya kuvitukuza vyombo, hufikiri kwamba yafaa ijengwe kwa sura ya chombo: ukuta wa saruji uliobinuka kama gubeti, na mlingoti juu ya paa. Mimi sikubaliani nao. Nyumba ya namna hiyo huwafurahisha wapita njia, lakini haimfundishi mtu yeyote namna ya kuunga mbao mbili maji yasipenye. Nasema nyumba hii iwe mahali ambapo chombo chaweza kuundwa. Isipokuwa hivyo, ni sanamu tu.

Tutazame mfano wa Unguja. Zamani pwani yetu ilikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilikwisha baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hii mtepe mwingine uliundwa Zanzibar, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafariki. Twajifunza hapa kwamba kitu kilichowekwa katika jumba chaweza kupotea kwa siku moja. Ufundi uliomo mikononi mwa vijana 20 haupotei hivyo.

Wala si sisi peke yetu wenye shida hii. Wamalai wa Terengganu, katika Malaysia, wana kisiwa kiitwacho Pulau Duyong kwenye mlango wa mto, na mafundi wake wamesifika kwa kuunda vyombo bila ramani. Wao hutangulia kuunga mbao ubavu kwa ubavu kwa vijiti vya mti mgumu, wakiweka ganda la mti kati ya ubao na ubao ili kuzuia maji. Mataruma huja baadaye, kinyume cha desturi yetu. Hata hivyo Mmalai na Mswahili wafanana kwa jambo moja: wote wawili hufundisha kwa kuonyesha, na mwanafunzi hujifunza kwa kusimama karibu. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: nyumba itatumiwa na fundi mzee pamoja na vijana wasimamao karibu naye.

Swali la pili ni la kazi, na kazi ndiyo iletayo vipimo. Mafundi wetu hupima kwa shibiri na mkono. Shibiri 2 ni mkono 1, mikono 4 ni pima 1, na mkono ni kama sentimeta 46. Tuseme banda letu litaundiwa mashua ya pima 4, yaani mikono 16, yenye upana wa mikono 5. Kila ubavu pahitajiwa mikono 6, ili mtu arushe tezo bila kumjeruhi mwenziwe na vijana wapate pa kusimama. Upana wa banda basi ni 6 na 5 na 6, jumla mikono 17, karibu mita 7.8. Kwa urefu, tuache mikono 4 mbele ya omo, na mikono 8 nyuma ya tezi kwa kugeuzia mbao. Jumla ni mikono 28, karibu mita 12.9. Mnaona kwamba nyumba imepimwa kwa chombo kama kanzu ipimwavyo kwa mwili.

Hapo latokea tatizo. Katika nyumba za mawe za zamani za pwani, vyumba ni vyembamba, kwa kawaida havizidi mita 3, maana boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa zaidi. Tutawezaje kuezeka mita 7.8? Jibu limo katika chombo chenyewe. Taruma la mashua si mti mmoja. Ni vipande viwili au vitatu vilivyopindika kwa asili, vikapishanishwa ncha na kufungwa pamoja. Nasi tuyafanye matao ya paa kwa njia hiyo hiyo, tukitumia miti mifupi na iliyopinda, ambayo wauza mbao huitupa. Juu yake tuezeke makuti kwa mwinamo mkali ili maji ya masika yateremke upesi. Paa hilo litajengwa na mafundi wa vyombo wenyewe, na vijana watakaowasaidia watakuwa wamepata somo lao la kwanza kabla mashua ya kwanza haijaanza.

Kando ya banda pawe na chumba kimoja kikubwa chenye sakafu safi, mraba wa pima 5. Humo litakatwa na kushonwa tanga, kwa kuwa tanga haliwezi kukatwa penye vumbi la mbao. Siku zisizo na tanga, chumba hicho ni ukumbi wa kijiji, wa mikutano na harusi. Nje kuwe na baraza ya kuzunguka, maana wazee hawafundishi vizuri wakiwa wamesimama. Mahali pa moto na pa kuwekea sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupakia mbao, pawe upande wa magharibi. Kwetu kusi na kaskazi zote hutoka upande wa baharini, kwa hiyo cheche na harufu vitakwenda mbali na makuti.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote. Mbao zitoke wapi? Msitu wa Zaraninge tulio jirani nao umo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kukata mti humo ni kosa. Mikoko nayo yahifadhiwa. Mvule huchukua miaka mingi sana kukomaa. Kwa hiyo mchoro wangu una ekari mbili nyuma ya banda za kupandwa mitiki na miembe. Mwembe ulio mzee hutoa gogo la ngalawa, na matawi yake yaliyopinda yafaa mataruma. Vilevile twaweza kujifunza kwa wenzetu wa Lamu, ambao mwaka 2018 walishusha baharini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa takataka za plastiki, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Kitu kilikuwa kipya, lakini ufundi ulikuwa ule ule wa zamani.

Rafiki mmoja wa bwenini aliniuliza, “Mkange hatuna hata maji ya kuogeshea bata, chombo kitaelea wapi?” Swali lake ni la haki. Jahazi kubwa liundwe pwani, hapana shaka. Lakini zamani mtumbwi ulichongwa huko huko msituni ulikoangushwa mti, ukaburutwa na watu wengi hadi ufukweni. Chombo huanzia bara. Mashua ya pima 4 yaweza kupakiwa katika lori, ndiyo maana mlango mkubwa wa banda nimeuelekeza barabarani na kuupa upana wa mikono 8. Na vijana wasio na kazi wako hapa Mkange kama walivyo Saadani.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Fedha za nyumba hatuna bado, lakini kupima hakungoji fedha. Katika likizo ya Desemba nitakwenda kwa babu kupima mashua iliyo nusu mikononi mwake, taruma kwa taruma, na kuandika kila kipimo katika daftari litakalowekwa maktaba ya shule. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yeyote wa Kidato cha Tatu au cha Nne awezaye kushika ncha ya pili ya kamba, na anione kabla ya kufunga shule.