Kuondoa Mikwaruzo Katika Vioo

Kioo ni kigumu, lakini mchanga ni mgumu zaidi. Kwa hiyo mtu asuguaye dirisha au chemni ya taa kwa mchanga, au kwa kitambaa chenye vumbi, hukichora kioo chake bila kukusudia. Tena mkwaruzo hauharibu sura peke yake. Fundi atakapo kukata kioo, huchora mstari mmoja kwa almasi au kwa kigurudumu kigumu, kisha hukivunja papo hapo. Basi kila mkwaruzo ni mahali palipodhoofika, na chemni iliyokwaruzwa huweza kupasuka ipatapo joto na kuwajeruhi watoto walioketi karibu. Chemni ya namna hiyo isisuguliwe, bali inunuliwe nyingine.

Kioo cha dirisha au cha meza chaweza kutengenezwa nyumbani. Kwanza kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kikaushwe kwa kitambaa safi, kwani chembe moja ikibaki itaongeza mikwaruzo. Halafu ukucha upitishwe juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, nayo ni kazi ya fundi. Ukipita bila kunasa, kazi yaweza kuanza.

Kwa mikwaruzo hafifu sana, dawa ya meno nyeupe kidogo itiwe katika kitambaa laini chenye unyevu, kioo kisuguliwe kwa kuzungusha mkono polepole, kisha kipanguswe na kutazamwa penye mwanga.

Ikiwa mikwaruzo haikutoka, itafutwe oksidi ya seriamu, unga utumiwao na mafundi wa kung'arisha vioo. Zamani mafundi hao walitumia unga mwekundu wa oksidi ya chuma. Unga wa seriamu uchanganywe na maji hata uwe mzito kama uji, upakwe kwa kitambaa kinene cha sufu, na kioo kisuguliwe bila kukandamiza. Kazi hii yataka saburi. Maji yaongezwe kila mara, maana kikikauka kitapata moto na huenda kikapasuka. Unga mkavu usivutwe puani.

Yako mambo matatu ya kujihadhari. Miwani isisuguliwe hivyo, kwa kuwa mingi siku hizi ni ya plastiki iliyopakwa utando mwembamba, nao utabanduka. Kioo cha mbele cha motokaa kisichimbwe kwa kusuguliwa mahali pamoja, kwa maana bonde dogo hupotosha mwanga, na dereva aweza kukosea njia usiku. Tena alama iliyo nyuma ya kioo cha kujitazamia, penye rangi ya fedha, haitoki kwa kusugua mbele.

Lililo bora ni kuzuia. Vumbi liondolewe kwa maji kwanza, ndipo kitambaa kifuate.