Kinywaji cha Unga wa Protini na Mlo Wako

Sisi wauguzi hapa Mbozi twaulizwa: je, kinywaji cha unga wa protini chaweza kushika nafasi ya mlo ili mtu apungue? Uzito waweza kushuka, hasa kwa sababu amekula kidogo. Unga huo nao ni chakula: gramu 1 ya protini hutoa kalori 4, sawa na wanga.

Hatari ni kwa mgonjwa wa kisukari. Akijidunga insulini kisha akaacha ugali, sukari yaweza kushuka ghafla. Hutetemeka, hutoka jasho, hata kuzimia. Kabla hajazimia, apewe maji ya sukari upesi.

Basi mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wamwone daktari kwanza. Wengine, punguzeni ugali na mafuta. Msiache maharage na mboga. Nusu kilo kwa wiki yatosha.