Ukifika Tambukareli

Dodoma kuna kata inayoitwa Tambukareli, na Tabora kuna nyingine yenye jina hilohilo. Jina linajieleza: hapo ndipo watu wanapotambuka reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miji ikakua pande zake zote mbili, na kwa wengi nyumbani kukawa upande huu, sokoni upande ule. Mimi ni mtoto wa kando ya reli. Tulihesabu mabehewa ya mizigo, tukabishana kichwa kipi cha treni kinakuja kwa kusikiliza mlio wake tu. Mapenzi hayo sijayaacha, na ndiyo yanayonifanya nione uchungu ninapomwona mtu anakimbizana na treni.

Treni haina usukani, haiwezi kukukwepa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa wepesi, ndiyo maana kichwa kimoja huvuta mamia ya tani. Wepesi huohuo huifanya breki ichelewe kushika: treni nzito iliyo kwenye kasi yaweza kwenda kilometa nzima au zaidi ndipo isimame. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona uko mita 300 mbele yake, una sekunde 18 tu. Yeye atapiga honi, atafunga breki, basi.

Macho nayo hudanganya. Kitu kikubwa kinachokujia uso kwa uso huonekana kama kinatambaa, hadi kikufikie. Masikio usiyategemee pia, hasa kukiwa na upepo, mvua au muziki wa daladala. Wala usiseme leo si siku ya treni. Treni ya mizigo haifuati ratiba unayoijua wewe, na kiberenge cha mafundi hupita kimya wakati wowote.

Kwa hiyo simama kabla ya alama ya msalaba kwenye kivuko cha reli, shusha kioo, zima muziki, toa spika za masikioni, tazama kushoto na kulia. Kama njia ni mbili, treni ya kwanza ikishapita subiri uone vizuri njia ya pili, kwa kuwa mabehewa huficha treni inayotoka upande wa pili. Kwenye foleni usiingie relini mpaka uone nafasi ya gari lako lote ng'ambo. Ukishaingia, usibadilishe gia katikati. Mwenye baiskeli au bodaboda avuke kwa kuikata reli moja kwa moja, si kwa mshazari, kwa sababu tairi jembamba hunasa kwenye mfereji ulio kando ya reli, na chuma kilicholowa huteleza kama sabuni.

Gari likizimikia relini, teremsha watu wote papo hapo, hata kama treni haionekani. Mizigo iacheni. Ondokeni mbali na reli, mkielekea upande inakotoka treni. Mkikimbilia upande inakokwenda, vyuma vya gari lililogongwa vitarushwa kwenu. Piga 112. Kama kuna muda, mtu mwepesi atangulie mbali kuilaki treni, akitembea nje ya reli huku akipunga kitambaa chekundu, au taa kama ni usiku.

Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma imezungushiwa uzio, na watu huvuka juu au chini yake. Tumieni vivuko hivyo hata kama mzunguko ni mrefu. Kwa kilometa 160 kwa saa treni ile hupita mita 44 kwa sekunde, tena bila muungurumo wa dizeli tuliouzoea. Waya wake wa juu una volti 25,000, na umeme huo unaweza kukurukia kabla hujaugusa. Fimbo ndefu, bomba la chuma na tiara ya mtoto visisogezwe karibu.

Sasa wenzangu wa kamera. Picha ya katikati ya mataruma, wengine wameilipia kwa uhai. Behewa ni pana kuliko reli, kwenye reli ya mita moja hutokeza karibu mita nzima kila upande, kwa hiyo kusimama kwenye kokoto bado ni kusimama njiani. Rudi nyuma mita kadhaa. Ukiwa stesheni omba ruhusa, kaa nyuma ya mstari, usimpige dereva mwanga wa kamera machoni. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga nilizipiga juu ya daraja la waenda kwa miguu, treni nzima ikionekana kwenye kona.

Na mtoto anayetaka kugusa treni, mpeleke Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Pale amepumzika Mount Gelai, kichwa cha mvuke namba 5918 kilichoundwa Manchester miaka ya 1950, uzito wake zaidi ya tani 250. Moto wake ulizimwa zamani. Mwache alishike gurudumu lake kwa mikono yote miwili.